Jina la Kwanza, Mstari wa Chini

Kwa miezi saba nilimsomea Fatiha mtu aliye hai. Si kwa kutojua dini, maana dini naijua. Wala si kwa uzee, maana siku hizo nilikuwa bado napanda ngazi bila kushika ukuta. Nilimsomea kwa sababu nilianza kuhesabu upande wa kulia. Na yule bwana muda wote huo alikuwa anakula, analala, anagombana na mkewe, hana habari kwamba kila Ijumaa kuna mwanamke wa Nzwani anamwombea apanuliwe kaburi.

Nitaeleza ilivyokuwa, na nitaeleza kwa herufi hizi hizi zilizonitia aibu.

Nilizaliwa Unguja, baba na mama wote watu wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, tukarudi kwetu nikiwa mwari. Kiswahili nilirudi nacho na ndicho ninachoandikia. Lugha ya Nzwani ni ya kununulia samaki na ya kugombeza watoto. Shule sikwenda. Nilikwenda chuoni, nikahitimu Kurani, nikajua kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, na hizo zikanitosha mpaka nikapata wajukuu sita. Herufi za Kifaransa nilikuwa naziona kwenye makopo ya maziwa. Sikuwa na haja nazo. Maziwa niliyajua kwa picha ya ng'ombe.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja wa kiume. Alikuwa mfanyabiashara, lakini mfanyabiashara wa namna yake. Akisafiri huku na huku, akirudi na vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji, na watu wakavinunua kwa sababu alikuwa anachekesha. Mara moja alileta katoni za viatu vya ngozi, vizuri, vinanukia upya. Tukazifungua barazani kwa mama, katikati ya mji wa kale, majirani wote wamejipanga. Kiatu cha kwanza, cha kushoto. Cha pili, cha kushoto. Tukafungua katoni zote. Hapakuwa na kiatu cha kulia hata kimoja cha dawa. Mama akasema, "Umeibiwa, mwanangu." Yeye akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akalala chali. Akasema, "Mama, sikuibiwa. Kuna mtu mahali fulani ana katoni za kulia, naye ananitafuta."

Akaviuza vyote. Alivyoviuza sijui. Lakini miaka mingi bandarini Mutsamudu ungeona makuli wanatembea kama wanataka kukata kona.

Huyo ndiye aliyekuwa ndani ya ile ndege iliyotekwa angani. Watekaji walitaka iende wanakotaka wao, mafuta yakaisha, ikaanguka kwenye bahari ya Ngazija. Wako waliookolewa. Wako waliopatikana wakazikwa. Mdogo wangu hakupatikana. Watu walikuwa wanakwenda zao, huyu harusini, huyu kazini, huyu na mizigo yake ya kipuuzi, wakafa kwa ajili ya haja za watu wasiowajua hata sura. Mimi nililia nikamaliza. Sitalia tena kwenye karatasi.

Aliyekuwa hajamaliza ni mama. Hitima ya kwanza ilisomwa msikitini, mama hakupika. Kwetu hitima ya mtoto, mama yake akiwa hai, yeye ndiye anayetia mkono wa kwanza kwenye mchele. Mama alikaa chumbani kwake akasema, "Mnamsomea nani? Mmemzika wapi?" Tukamwambia bahari nayo ni kaburi. Akatuambia tutoke.

Basi ikaja habari kwamba serikali imesimamisha jiwe la kumbukumbu Moroni, mji mkuu, kisiwani Ngazija, kando ya barabara ya pwani, na watu wetu wameandikwa majina. Mama akaniita. Wakati huo macho yake yalikuwa yameshapungua, anaona mwanga na vivuli. Akasema, "Wewe ndiye mkubwa. Nenda ukamshike jina lake kwa mkono wako. Ukirudi ukaniambia nimemshika, nitapika hitima." Nikamwambia nitarudi baada ya siku kumi.

Nilishuka Moroni kwa binti yangu, aliyeolewa na karani wa ofisi ya serikali. Mkwe wangu huyo ni mtu mwema na ana adabu za kizamani, tena zimezidi. Mbele ya mama mkwe hasimami karibu, hakai, hanyanyui macho. Ndiye aliyenipeleka kwenye jiwe siku ya kwanza. Tulipofika, mimi nikaenda mbele ya jiwe, yeye akabaki ng'ambo ya barabara kwa heshima. Jiwe refu, jeusi, mistari na mistari ya herufi za Kifaransa. Nikageuka nikamwuliza kwa ishara. Akaniita kutoka huko huko, magari yanapita katikati yetu:

"Mstari wa chini kabisa, mama! Jina la kwanza!"

Nikainama kwenye mstari wa chini kabisa. Nikashika jina la kwanza. Nikasoma Fatiha na Yasini, nikamwekea tawi la rihani chini yake, pale pembeni. Nikafuta machozi, nikamtikisia kichwa mkwe kwamba nimeona, naye akainama kutoka ng'ambo. Adabu tupu, pande zote mbili.

Mwenye kusoma haya labda ameshaelewa. Mimi ilinichukua miezi saba.

Siku kumi hazikuisha. Huku nyuma Nzwani wakajitangaza wamejitenga. Moroni wakasema hamjitengi. Boti zikasimama, simu zikakatwa, vikwazo vikawekwa, nami niko sebuleni kwa binti yangu na mkoba wa nguo tatu. Habari zikawa zinakuja kwa kupitia kisiwa cha Maore, zimechoka njiani. Tukasikia kwetu Mutsamudu watu wanapandisha bendera ya Mfaransa wanataka arudi awatawale. Mkwe wangu akauliza kwa upole, akiangalia mlango, "Mama, nyinyi watu wa kwenu mnamtaka Mfaransa?" Nikamwambia, "Mimi hata herufi zake sizijui, nitamtakaje mwenyewe?"

Nilimpelekea mama habari kwa mtu aliyekuwa anapitia Maore: nimeshamshika. Jibu likarudi baada ya wiki nyingi. Mama amesema habari ya kupitia vinywa vinne si habari. Aje aliyemshika, na mkono uliomshika.

Kwa hiyo nikangoja. Na kila Ijumaa, wanaume wakienda msikitini, mimi nilikwenda kwenye jiwe.

Njiani nilipita soko la Volo Volo kununua rihani. Sasa, mimi natoka nimejitanda shiromani, nguo yetu ya Nzwani, nyekundu na nyeupe, inaonekana kutoka mwisho wa soko. Siku hizo kujitanda shiromani Moroni ilikuwa kama kutembea na bendera. Binti yangu alinisihi nivae kanga zake. Nikamwambia nimeijia dunia hii nikakuta shiromani, na serikali zikija zitaikuta.

Muuza ndizi mmoja, mwanamke mnene wa Moroni, sauti yake inafika bandarini, ndiye aliyeanza. Wiki ya kwanza ya vikwazo alinikatiza njia kwa mkungu wa ndizi.

"Koko!" Huko ndiko kuita bibi. "Koko wa shiromani! Nchi ya kigeni hiyo! Visa yako iko wapi?"

Soko zima likageuka. Nikasimama, nikaziangalia ndizi zake.

"Visa ninayo," nikasema. "Lakini ndizi zako zimeshakufa. Cheti cha mazishi unacho?"

Wakacheka mpaka wauza samaki. Yeye mwenyewe akacheka zaidi, akanipigia makofi, akanipa ndizi tatu za bure zilizo hai. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Ijumaa, "Koko, visa!" na mimi na jibu langu. Wiki nyingine nilimwambia visa imeisha muda, anigongee mhuri, akanigongea kwa ngumi begani. Watu waliokuwa wananitazama kwa jicho baya wakaacha, maana ni vigumu kumchukia mtu baada ya kumcheka pamoja na soko zima.

Siku moja akaniuliza, "Rihani kila Ijumaa unampelekea nani? Una bwana?"

Nikamweleza. Kisha akamwachia jirani meza yake akasema, "Twende. Nami nikamsalimie."

Yeye alisoma shule kidogo, madarasa machache ya Kifaransa. Tukafika. Nikaenda pale pembeni pangu, nikainama, nikaweka rihani, nikaanza, "Bismillahi." Naye akainama nyuma yangu akisoma mstari ule kwa midomo. Nikasikia amesita.

"Koko. Mdogo wako alikuwa fundi?"

"Mfanyabiashara. Usinikatize."

"Maana hapa pameandikwa 'kazi ya' fulani. Fundi mawe. Na mtaa wake wa karakana."

"Soma tena."

"Nimeshasoma tena, Koko. Na huyu mtu namjua." Nikamwona anauma midomo. "Jana kachukua kwangu ndizi, mkungu mzima. Afya yake njema sana."

Nikamwambia mkwe wangu amesoma vitabu vizito, alisema mstari wa chini, jina la kwanza, na hili ndilo la kwanza. Nikamwonyesha: mstari unaanzia hapa. Nikaweka kidole upande wa kulia, kama ninavyofungua msahafu, kama nilivyofundishwa tangu nina miaka mitano.

Akaniangalia. Akanishika mkono wangu ule ule, akaupeleka kushoto, kushoto, mpaka mwisho kabisa wa jiwe, hatua mbili nzima kutoka kwenye rihani yangu.

"Wao wanaanzia huku," akasema.

Na hapo akashindwa. Alikaa chini akacheka, kanga mdomoni, anasema "astaghfirullah" na anacheka, anasema "nisamehe" na anacheka. Mimi sikucheka. Miezi saba! Ijumaa zote zile! Mdogo wangu amelala huku kushoto ananitazama nikimpa mgeni rihani zake. Kisha nikamwona yeye, mdogo wangu, sakafuni kwa mama, amelala chali kati ya viatu, na nikajua wazi kwamba kama yuko mahali anaona, basi hivi sasa hajiwezi. Nikakaa kando ya yule mwanamke, nami nikacheka. Magari yakapunguza mwendo kutuangalia. Wanawake wawili wa visiwa viwili vinavyogombana, wako chini ya jiwe la msiba, wanashikana wasianguke.

Tulipomaliza akasema, "Haya, mshike sasa."

Nikakataa.

"Kwa nini, Koko?"

"Mkwe wangu alinionyesha, nikashika mtu mwingine. Wewe unanionyesha sasa. Wewe nakuamini, lakini mama yangu ameniambia nimshike, si nishikishwe. Nitamwambiaje habari ya vinywa? Nataka nilijue kwa macho yangu."

"Kwa macho yako utalijuaje na hujui kusoma?"

"Basi nitasoma."

Akanitazama kama nimesema nitaruka. Lakini hakubisha. Akasema nitakapoanza, nianze kwa kumwomba radhi yule fundi, maana si vizuri kumwombea mtu kaburi bila ruhusa.

Tukaenda Jumamosi. Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya msikiti, vumbi jeupe kila mahali, naye amekaa katikati kama mkate uliotiwa unga. Mtu wa makamo, kitambi kizuri. Muuza ndizi akamweleza yote bila kuficha hata Yasini moja. Yule bwana kwanza akashika kifua. Akauliza, "Yasini ngapi?" Nikamwambia kila Ijumaa moja, miezi saba, azihesabu mwenyewe. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, akanyanyuka na ungo wake.

"Mwanamke wewe unamsomea mume wangu Yasini ya maiti?"

"Kwa makosa, bibie. Nimekuja kumwomba radhi."

"Ngoja, ngoja," fundi akasema. Akamnyamazisha mkewe kwa mkono. "Tangu mwezi gani?"

Nikamtajia. Akamgeukia mkewe. "Mgongo wangu uliacha kuniuma lini?"

Mkewe akafikiri. Ungo ukashuka.

"Miaka mitano siwezi kuinama," fundi akaniambia, "hospitali zote nimekwenda. Nikaamka siku moja mgongo kama wa kijana. Nikasema ni ile dawa ya kuchua. Kumbe ni wewe!" Akainama akagusa vidole vya miguu mbele yetu, akanyanyuka na vumbi limemtoka. "Bibi, radhi ya nini? Usiache! Hata mkijitenga, usiache!"

Nikamwambia dua kwa mtu aliye hai nitaendelea nayo, lakini rihani hapati tena. Mkewe akasema hiyo ni haki.

Kisha nikamwambia haja yangu. Akaacha mzaha mara moja. Alikuwa mtu wa chuoni kama mimi, herufi za Kiarabu zilikuwa zake kabla ya hizo anazochonga. Akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika jina la mdogo wangu kwa Kiarabu juu, na chini yake akaliandika kama lilivyo kwenye jiwe. Kwetu jina hilo ni herufi nne. Kwa Mfaransa ni nane. Nikamwuliza hizi nyingine za nini. Akasema, "Mfaransa akisikia 'u' hatosheki na herufi moja, anaweka mbili. Na sini ameiweka mara mbili hapa katikati, asije akaikosea." Nikasema mtu wa wasiwasi huyo. Fundi akasema ndiyo maana kanuni zao za ofisini haziishi.

Nilisoma herufi nane kwa wiki tatu. Msifikiri ni kidogo. Mkono wangu ulikuwa unajua kwenda kushoto, nikaulazimisha kwenda kulia, ukawa kama punda aliyegeuzwa njia ya nyumbani. Muuza ndizi akawa ananisikiliza sokoni. Visa sasa ikawa hivyo: nikifika, ananichorea herufi kwenye jani la mgomba kwa ukucha, nisipoitaja sipiti. Wauza samaki nao wakawa wanapiga kelele majibu ya uongo ili nikosee. Nyumbani nilifanya siri, maana sikutaka mkwe wangu ajue alichokisababisha kwa heshima zake. Angekufa kwa haya.

Katikati ya wiki ya tatu ikaja habari. Mama amelazwa hospitali ya Hombo. Hali chakula. Dawa zimepungua kwa sababu ya vikwazo. Na binti yangu akasema kuna boti ya mizigo imepata ruhusa, itaondoka Jumapili.

Ijumaa ile nilikwenda kwenye jiwe peke yangu. Yule mwanamke alitaka kunifuata, nikamzuia. Nilisimama mbali kidogo. Nikaanza mstari wa chini, upande wa kushoto. Herufi ya kwanza, kama uma wa mti, nikaijua. Ya pili duara. Ya tatu kama bakuli. Kisha zile sini mbili, kama nyoka wawili wanaofuatana. Duara tena, bakuli tena. Ya mwisho, fa. Nikaziunganisha kwa sauti. Na jina lake likatoka kwenye kinywa changu bila mtu kuniambia.

Nilimshika. Jiwe lilikuwa limepata jua, lilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto. Sitaandika zaidi.

Fundi alikuwa amenipa kipande kingine cha karatasi ya saruji na mkaa. Aliniambia niweke karatasi juu ya jina nipake mkaa taratibu, na jina litakuja lenyewe. Nikafanya, likaja, na la baba yetu kando yake, jeupe ndani ya weusi. Nilipofika nyumbani nikamwonyesha mkwe wangu karatasi, nikalisoma mbele yake. Alishangaa hata akanyanyua macho. Akasema, "Mama umejifunza! Lakini si nilikuonyesha siku ile?" Nikamwambia, "Ulinionyesha vizuri sana, mwanangu." Mpaka leo hajui. Akisoma haya atajua, na inatosha, amekuwa babu.

Jumapili nikapanda boti ya mizigo, kati ya vitunguu na kuku. Asubuhi hiyo muuza ndizi alinisindikiza mpaka bandarini, akanipa chane tano na kunigongea mhuri wa mwisho begani, mkali kuliko yote. Akasema, "Ukifika huko nchi ya kigeni wasalimie." Nikamwambia, "Nchi ni moja, wewe ndiye wa kigeni." Tukaachana hivyo, kila mmoja akitazama upande wake.

Mutsamudu bandarini walikuwa wanapekua kila atokaye Moroni. Aliyenipekua mimi alikuwa kuli wa zamani, sasa amefungwa kitambaa mkononi, amepewa cheo. Akafungua mkoba, akakuta ile karatasi nyeusi.

"Barua ya serikali ya Moroni hii?"

"Isome."

"Mama, nimekuuliza wewe."

"Nami nimekwambia isome. Kama hujui nitakusomea."

Akaisoma. Akasoma na jina la baba yetu lililofuata. Uso ukambadilika. Akapunguza sauti ili wenzake wasisikie.

"Huyu si yule wa viatu?"

"Ndiye."

"Mama," akasema, "vyangu bado ninavyo. Viwili. Navaa Idi." Akakunja karatasi vizuri kuliko alivyoikunjua, akanirudishia kwa mikono miwili. "Aliniambia mguu wa kulia utajifunza."

Nilipanda teksi mpaka Hombo pamoja na watu wengine wanne na kuku wangu mmoja niliyepewa kwenye boti. Hospitali niliisikia kabla ya kuiona. Mama alikuwa anamgombeza muuguzi kwamba uji wake hauna chumvi wala adabu. Alikuwa amekonda, mifupa mitupu na sauti. Nikakaa kitandani nikamshika mkono.

"Umechelewa," akasema. "Ulisema siku kumi."

"Nchi ilijitenga, mama."

"Nimesikia. Ulimshika?"

Mimi mama yangu sijawahi kumdanganya. Nikamweleza yote: mkwe ng'ambo ya barabara, fundi, Yasini, mgongo. Muuguzi aliacha kazi yake akasikiliza. Mama hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesubiri mzigo ushushwe.

"Na sasa?" akauliza.

Nikamkunjulia karatasi magotini. Nikamwambia hili ndilo jina lake, limetoka kwenye jiwe, nimelisoma mimi mwenyewe, na nimelishika mimi mwenyewe. Akaweka kiganja juu yake, mkaa ukamwingia vidoleni. Akapapasa kuanzia kulia, kama nilivyofanya mimi.

"Hapana, mama. Huko ni mwisho."

"Linaanzia wapi?"

"Kushoto."

Mkono wake ukasimama. "Kushoto?"

"Kushoto, mama. Lote linakwenda kutoka kushoto."

Kisha nikaona mabega yanatikisika, nikaogopa, nikamwita muuguzi. Lakini sauti ilipotoka ilikuwa kicheko, kile kicheko chake cha zamani ambacho mdogo wangu alikirithi chote bila kutuachia sisi wengine.

"Kama viatu vyake," mama akasema. "Mtoto huyu! Kama viatu vyake!"

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena. Alipotulia alijifuta macho kwa mkono ule wa mkaa, akabaki na mistari myeusi mashavuni, akasukuma bakuli la uji.

"Niondolee hii. Na unitafutie nguo zangu," akaniambia. "Nani atatia mkono kwenye mchele wa hitima, mimi nikilala hapa?"